Shingo ya MC Hezroni

Kwa miaka mingi, mtu wa Same akitaka kufunga ndoa au kumuaga binti yake kwa heshima, alitafuta kwanza vitu viwili: ukumbi, na Hezroni. Hezroni alikuwa mzaliwa wa Bombo, kule juu milimani, mwanamume mpana mwenye suti za rangi zisizo na majina na sauti ambayo watu walisema haihitaji umeme. Akishika kipaza sauti hakiachi. Alitambulisha wazazi, wajomba, mashangazi, aliyepika na aliyeleta viti, na akimaliza aliona ni vema arudie, kwa sababu kuna waliochelewa. Watu walikula wakiwa wamekwisha sinzia. Hata hivyo walimpenda, kwa kuwa alichekesha, na kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuona sherehe ikiendeshwa kwa namna nyingine.

Mkewe, Careen, alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Alijulikana kama mtu wa maneno machache, lakini haikuwa tabia peke yake. Nyumbani kwao hakukuwa na nafasi. Akianza kusimulia kisa cha sokoni, Hezroni alimmalizia, mara nyingi kwa mwisho ambao haukutokea.

Koo lilianza kumuuma Hezroni msimu wa harusi ukiwa umepamba moto. Mwanzoni lilikuwa linawasha tu, halafu likawa linachoma, halafu kumeza mate ikawa kazi. Mama yake, Mama Esta, alipopigiwa simu Bombo aliagiza tangawizi. Kwa Mama Esta hakuna ugonjwa ulioishinda tangawizi ilimwayo Mamba, milimani kwao. Ugonjwa ukikataa, basi tangawizi ilikuwa kidogo. Hezroni akaichemsha, akainywa, akaitafuna, akasukutua kwa chumvi, akalala na kitambaa cha moto shingoni. Dada wa duka la dawa alimmulika kooni kwa tochi ya simu, akamwambia kwamba mafindofindo yamejaa usaha na aende hospitali siku hiyohiyo. Hezroni alimshukuru sana, akanunua pipi za mnanaa, akaenda zake. Mwisho wa wiki alikuwa na sherehe ya kumuaga binti, na hospitali, kwa maoni yake, ilikuwa mahali pa watu wasio na ratiba.

Sherehe ilianza vizuri. Sauti ilikuwa imekauka kidogo, lakini wageni walisema inampendeza, inamfanya aonekane mtu mzito. Alipofika katikati ya kutambulisha mashangazi, akaanza kutetemeka. Ilianzia mabegani, ikashuka magotini, mpaka meno yakawa yanagonga kipaza sauti na spika zikatoa mlio kama wa mtu anayetwanga karanga. Wageni walidhani ni mtindo mpya. DJ, ambaye aliamini kila alichofanya Hezroni kina sababu, akatafuta wimbo unaoendana na mtetemo ule. Mashangazi wakasimama wakatetemeka. Mzee mmoja wa kamati, mwenye goti bovu, akatetemeka akiwa amekaa. Muda mfupi tu ukumbi mzima ulikuwa unatikisika, na mpiga picha akapanda juu ya kiti ili asikose kitu.

Careen alikuwa nyuma ya ukumbi akishikiza pindo la gauni la msimamizi lililofumuka. Alipoinua macho aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: mumewe alikuwa anatetemeka bila kutabasamu. Akaiweka sindano, akapita katikati ya wachezaji, akamshika. Mwili ulikuwa wa moto kama pasi. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe mgumu ulioshuka kufuata shingo kama kamba iliyokazwa chini ya ngozi. Akamtoa kipaza sauti mkononi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, akasema ndani yake, "Samahanini. Mume wangu anaumwa." Watu wakapiga makofi. Ilibidi aseme mara ya pili.

Hospitalini Same, tabibu wa zamu alimgusa shingo, akamsikiliza kifua, akamwuliza kama kuvuta pumzi kunachoma. Hezroni akaitikia kwa kichwa. Tabibu hakusubiri maelezo mengine. Akamwanzishia dawa ya mshipa na kuagiza gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya rufaa, Moshi. Njiani Hezroni alijaribu kumwambia dereva apite wapi ili kukwepa matuta, lakini mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole, na maneno yakatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Careen alimwambia anyamaze. Alipoona amenyamaza kweli, ndipo yeye alipoanza kuogopa.

Moshi alipokelewa na Daktari Ikupa, dada mfupi wa Tukuyu mwenye miwani mikubwa na mwendo wa haraka, ambaye alikuwa hajawahi kusikia habari za MC Hezroni na hivyo hakuwa na sababu ya kumwogopa. Akampima shingo kwa ultrasaundi, halafu akampeleka kwenye mashine ya CT. Daktari wa koo akaitwa, akatoboa jipu lililojificha nyuma ya findo na kutoa usaha. Kesho yake Mama Esta alikuwa amefika kutoka Bombo na mzigo wake, na Daktari Ikupa akawaita yeye na Careen ili awaeleze.

Aliwaambia kwamba wadudu wa kooni walipenya mpaka kwenye mshipa mkubwa wa damu wa shingoni. Damu ikaganda humo, ikawa bonge, na bonge lenyewe limejaa wadudu. Lilikuwa limeteremka mpaka kwenye mshipa mkubwa wa kifuani, ule unaorudisha damu kwenye moyo. Vipande vidogo vilikuwa vinakatika na kwenda kukwama mapafuni, ndiyo maana alichomwa kila akivuta pumzi.

Mama Esta alisikiliza kwa makini. Akasema ameelewa, ni kama mfereji wa shamba uliozibwa na matope, na mfereji ukiziba mtu huingia na jembe. Akauliza kwa nini basi hawaingii.

"Mfereji ni huohuo, mama," Daktari Ikupa akamjibu. "Lakini ukipiga jembe, tope lote linashuka kwa mara moja, na huko chini kuna moyo na mapafu. Tutawaua wadudu kwa dripu, wiki nyingi. Tutampa sindano ya kuzuia bonge lisikue. Mwili wenyewe ndio utalimaliza, polepole."

Mama Esta akauliza tangawizi inaingia wapi katika mpango huo. Daktari akafikiri, akasema inaingia kwenye chai.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya, na hakuna aliyecheka. Homa ilipanda na kushuka, Hezroni akawekewa oksijeni, na kuna asubuhi moja aliyomtazama Careen kana kwamba anajaribu kukumbuka wamewahi kuonana wapi. Mama Esta alikwenda kusali kwenye kanisa la hospitali akarudi amesahau viatu. Careen alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashika mkono usio na sindano, akahesabu matone ya dripu mpaka yakamchanganya. Watu wa Same walipiga simu. Wengi waliuliza hali ya mgonjwa, na baadhi waliuliza kama ule mtindo wa kutetemeka una jina.

Halafu dawa zikaanza kushika. Homa ikalegea, oksijeni ikaondolewa, uvimbe ukalainika. Ila daktari wa koo alikuwa ameagiza mgonjwa asiongee kwa siku kadhaa ili kidonda kipone, na muuguzi akabandika karatasi ukutani juu ya kitanda: HARUHUSIWI KUONGEA. Waliokuja kumtazama kutoka Same waliipiga picha karatasi hiyo kabla hata ya kumsalimia.

Careen hakuuzoea ukimya huo mara moja. Siku ya kwanza alimsimulia kisa cha mteja aliyeleta kitambaa cha gauni moja akataka yatoke mawili. Akafika katikati, akasimama kwa mazoea, akingoja kumaliziwa. Hakuna kilichokuja. Akaendelea mpaka mwisho. Ulikuwa mwisho mzuri, na Hezroni alicheka kwa mabega. Siku ya pili akamsimulia viwili. Alisema baadaye kwamba aliona haya kufurahi mumewe akiwa kitandani, lakini alifurahi.

Siku moja mchana, Mama Esta akiwa amekwenda kufua, Careen alimsimulia kisa cha zamani. Siku ya harusi yao Careen aliombwa aseme ni lini alimpenda Hezroni. Akaanza, "Nilimpenda siku ile," na Hezroni akachukua kipaza sauti akamalizia kwamba ni siku ile alipomwona na suti ya zambarau. Ukumbi ulicheka sana, na jambo likaishia hapo. Kwa miaka yote Hezroni mwenyewe aliamini kuwa ilikuwa suti.

"Haikuwa suti," Careen akamwambia. "Ilikuwa kwenye msiba wa mwalimu wetu wa kwaya, kule Bombo. Walikuomba uzungumze. Ukasimama mbele ya watu wote, ukafungua mdomo, ukashindwa. Ukarudi ukakaa chini kando ya watoto wake. Siku hiyo ndiyo."

Hezroni alinyanyua mkono kama anayetaka kusema kitu, akatazama ile karatasi ukutani, akaushusha. Machozi yakamtoka yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Careen akayafuta kwa ncha ya kanga, akaendelea kumsimulia bei ya nyanya.

Aliporuhusiwa kuongea, wodi nzima ilijua. Kitanda cha pili alilala Mwalimu Vitus, mstaafu wa Ngujini, aliyelazwa kwa ajili ya moyo na kukatazwa kushtuka wala kucheka sana. Hezroni aliliona hilo kama changamoto. Madaktari walipoingia asubuhi alikuwa anawatambulisha mmoja mmoja, akiwaomba wagonjwa wenye nguvu wasimame na wasio na nguvu wapunge mkono. Alimkaribisha mpimaji wa damu kama mgeni rasmi. Uji ulipochelewa, aliomba radhi kwa niaba ya kamati. Mwalimu Vitus alicheka mpaka mashine yake ikalia, na muuguzi mkuu akaja kumwambia Hezroni kwamba ile karatasi bado ipo mezani kwake na gundi haijaisha.

Tatizo lilikuwa harusi ya kijijini Kihurio. Mzee Abednego, mkulima wa mpunga mwenye watoto wa kiume wengi na binti mmoja tu, alikuwa amemwomba Hezroni tangu mwaka uliopita aendeshe harusi ya binti huyo. Sasa alipiga simu kwa upole, akampa pole nyingi, akasema kamati imeonelea imchukue MC Rodrick ili yeye apumzike. Hezroni alijibu vizuri, akakata simu, akageukia ukuta. Rodrick alikuwa kijana aliyejifunza kazi kwake, kisha akaondoka na vichekesho vyake vyote, akivisema vibaya. Hezroni angeweza kuvumilia bonge shingoni. Rodrick kushika kipaza sauti huko Kihurio lilikuwa jambo jingine.

Alimwomba Daktari Ikupa ruhusa ya siku moja. Akamweleza kwamba hana homa, anakula, anatembea, na kwamba Kihurio hakuna baridi. Daktari alimkatalia, akaenda kuona wagonjwa wengine. Basi Jumamosi ya harusi, asubuhi, Careen akiwa amekwenda kununua chai, Hezroni alivaa suti yake ya rangi ya papai, ile ambayo Mama Esta alimletea ili kumpa moyo. Mkono wa koti uliificha vizuri ile sindano ya dripu iliyobandikwa juu ya kiganja. Akamuaga Mwalimu Vitus kwa jicho, akashuka ngazi kama ndugu wa mgonjwa, akavuka uwanja, akafika getini. Mlinzi, aliyeitwa Athumani, alimfungulia bila swali. Hezroni alikuwa tayari na mguu mmoja nje.

Ndipo Athumani akamtazama mara ya pili. Akamwuliza kama si yeye aliyeendesha harusi ya shemeji yake Mwanga, ile ambamo babu alicheza mpaka akapoteza meno ya bandia. Hezroni angeweza kusema siye. Alikiri baadaye kwamba hata sekunde moja hakufikiria kusema siye. Athumani akamwomba amsalimie walau kidogo, vile anavyofanyaga. Hezroni akatazama barabara, akaitazama ile hadhira ya mtu mmoja, akavuta pumzi. Salamu ile ilianzia getini, ikavuka uwanja, ikapanda ghorofani, ikaingia kwa dirisha la wodi, ambako Daktari Ikupa alikuwa amesimama mbele ya kitanda kitupu akiuliza mgonjwa yuko wapi. Mwalimu Vitus, ambaye alikuwa ameapa kutosema, hakuhitaji kusema.

Daktari akashuka. Hakupaza sauti wala hakumshika mkono. Alimwomba Athumani awaachie nafasi, akasimama kando ya Hezroni wakitazama barabara wote wawili.

"Baba, wewe ni mtu mzima," akasema. "Ukitaka kwenda, utasaini, utaenda, sitakufungia. Lakini bonge bado lipo, na mkia wake uko karibu na moyo. Ukiruka dawa leo, wadudu wanaanza upya. Na damu yako tumeilainisha. Basi likipiga breki ukagonga kichwa, inaweza kuvujia ndani na Kihurio hawatajua la kufanya. Harusi ina bwana mmoja na bibi mmoja. Wengine wote wanabadilishika."

Hezroni alisimama pale akiwa na mguu mmoja nje ya geti. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo Athumani hakuweza kuisikia, kwamba hajui yeye ni nani kama hasemi. Daktari Ikupa alimwambia kwamba hilo si la mshipa, kwa hiyo si la idara yake, lakini mgonjwa aliye hai anaweza kulifikiria kwa nafasi. Wakarudi pamoja. Careen alikuwa juu ya ngazi na chupa ya chai mkononi, na alichokisema Careen hapo hakikuwa kirefu, ila Mwalimu Vitus alisema alilazimika kujifanya amelala.

Baada ya dripu, Hezroni alifanya jambo moja tu. Alimwomba mkewe aende Kihurio ashike kipaza sauti badala ya Rodrick. Careen alikataa. Alisema yeye ni fundi, tena ana nguo za watu hazijashonwa. Akasema atatetemeka, na safari hii haitakuwa homa. Mama Esta, aliyekuwa anamenya chungwa, akasema kwamba kama binti anaogopa, yeye mwenyewe hana shida, atakwenda, na kwamba ana mambo kadhaa ambayo kwa muda mrefu amekuwa akitaka kuwaambia watu wa Kihurio. Careen akamtazama mama mkwe wake, akamtazama mumewe, akaomba nauli ya gari la kukodi. Mzee Abednego alipopigiwa hakubisha. Rodrick alikuwa amekwisha mpigia kusema ana shughuli mbili siku hiyo na angefika jioni.

Hezroni alimfundisha mpaka gari lilipofika. Alimpa vichekesho vya kufungulia, vya kati, vya wakati umeme umekatika, na namna ya kuwaita wajomba ili kila mmoja ajione ndiye mkubwa. Careen aliitikia yote. Hakuchukua hata kimoja. Mama Esta alikwenda naye, akiwa na kazi ya kushika simu ili Hezroni asikie.

Wodini simu iliwekwa juu ya kimeza, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, na wagonjwa walioweza kutembea wakasogea. Walisikia muziki, watoto, vijiko. Halafu wakamsikia Careen. Alisalimia wazee shikamoo, akasubiri wamalize kuitikia. Akasema jina lake, akasema mumewe yuko hospitali na anaendelea vizuri. Akawatambulisha wazazi wa pande zote mbili, jina na mahali wanapotoka, akaomba wajomba wote wasimame kwa pamoja na wakae kwa pamoja. Kisha akasema, "Chakula kiko tayari. Tuanze na wazee na wanaonyonyesha."

Kimya. Hezroni aliishika simu akaitikisa. Akasema mtandao umekatika. Akasema haiwezekani mtu awe amefika kwenye chakula mapema hivyo; amesahau, au amezimia, mtu amwangalie. Ndipo sauti ya Mama Esta ikasikika kwa karibu, ikiwa na kitu mdomoni, ikisema kwamba wali ni wa huko huko mashambani na kuku hajaungua. Mwalimu Vitus alijifunika shuka usoni.

Baadaye Careen alirudi kwenye kipaza sauti mara chache. Alimwita binti wa Mzee Abednego na mumewe wakate keki, na walipoikata hakueleza keki ni nini. Alipompa baba wa bibi harusi nafasi, alimpa na kipaza sauti, akaenda kukaa mbali. Mzee Abednego alizungumza na binti yake kwa muda mrefu, polepole, habari za siku aliyozaliwa na mvua iliyonyesha, bila mtu kumkatiza, mpaka ukumbi ukawa unasikika pumzi tu. Wodini muuguzi mkuu alikuwa amesimama mlangoni na trei ya dawa, amesahau alikuja kufanya nini.

Mwishoni, mtu alimwuliza Careen kama ana neno. Akasema analo. Akasema mtu akiumwa koo, akapata homa ya kutetemeka na shingo ikavimba, asicheze, aende hospitali siku hiyohiyo, na asikae nyumbani akichemsha vitu. Mama Esta alisikika akimweleza jirani yake kwamba hapo hakulengwa mtu.

Hezroni akairudisha simu juu ya kimeza. Mwalimu Vitus alimwuliza anaonaje. Akasema kuna makosa mengi ya kiufundi. Baada ya hapo akasema kwamba hajawahi kusikia baba yeyote akimaliza hotuba yake.

Alimaliza wiki zake za dripu bila kutoroka tena. Alipotolewa alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande, na masharti ambayo Careen aliyatekeleza kama askari: asipande pikipiki, asinyoe kwa wembe, asinywe kidonge kingine bila kuuliza. Mama Esta alitaka kujua kama dengelua, ile pombe ya miwa ya kwao, ni dawa au ni kinywaji. Aliambiwa kwa namna zote mbili jibu ni hapana. Nyumbani Same simu zilianza kuita, na Hezroni alizipokea kwa sauti yake ile ya zamani, akashukuru kwa pole, akasikiliza, halafu akaenda nje na kusema, "Careen, ni yako."

Haikuwa rahisi kwake. Kuna siku alikaa na suti zake zimetandazwa kitandani kama msiba. Walikubaliana kwamba harusi za watu wanaotaka kukesha zitakuwa zake, na za wanaotaka kumaliza mapema zitakuwa za mkewe. Ilibainika kwamba wanaotaka kukesha si wengi kama alivyodhani. Akaanza kwenda naye, akisimamia muziki na kucheza na mashangazi, kazi ambayo Careen hakuiweza kabisa. Akaona kwamba watu walikuwa wanamfurahia, labda zaidi, kwa kuwa sasa walijua kwamba akianza, ataacha.

Miezi ilipopita walirudi Moshi kwa kipimo cha mwisho. Daktari Ikupa aliwaonyesha picha. Bonge lilikuwa limeyeyuka, limebaki kovu dogo ukutani mwa mshipa wa shingoni, na mishipa ya kando ilikuwa imepanuka kusaidia kazi. Ule mkubwa wa kifuani ulikuwa wazi. Mapafu yalikuwa safi. Akasema vidonge sasa basi. Hezroni alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Daktari akafunga picha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema ana jambo lisilo la kitabibu. Anaolewa mwezi wa kumi na mbili, kwao Tukuyu, na amekuwa akitafuta mshereheshaji. Hezroni akainuka kitini, akajinyoosha koti. Daktari akamgeukia Careen.

Walipanda basi kurudi Same. Mpaka wanapita Mwanga, Hezroni alikuwa anatazama dirishani, milima ikimpita upande wa kushoto. Careen akamwuliza kama shingo inauma. Akasema haimuumi. Akawaza kidogo, akasema kwamba wazee wa Tukuyu wana namna yao ya kusalimiwa, huwezi kuwaingia vilevile kama watu wa Kihurio, na kwamba kama anataka, angeweza kumweleza.

"Nieleze," Careen akasema, akaegemea kiti.

Hezroni akamweleza mpaka wanafika Same, na Careen hakumkatiza.